Somo la Wazazi: Mtoto Husema kwa Mchezo



Katika nyumba nyingi yupo mtoto mmoja ambaye jina lake huitwa kwa sauti kali kuliko wenzake. Hupiga wadogo zake, huvunja vyombo, au hujitenga pembeni asiseme na mtu. Mwingine alikwisha kuacha kukojoa kitandani, na sasa ameanza tena. Sisi wakubwa twamwita mtukutu, au mkaidi, au twanong'ona kwamba amerogwa. Kisha twashika fimbo. Mwezi huu tujifunze njia nyingine, ambayo madaktari na walimu wa nchi mbalimbali wameitumia kwa karibu miaka 100 sasa. Njia hiyo ni tiba kwa mchezo.

1. Mchezo gani?

Tusemapo mchezo hapa, hatusemi mpira wala mbio. Twasema ule mchezo wa watoto wenyewe: kupika mchanga katika kifuu, kumbeba mgongoni mwanasesere wa matambara, kuendesha gari la waya, kucheza baba na mama. Mtu mzima akiwa na huzuni humwendea rafiki yake akamweleza. Mtoto wa miaka 4 au 6 hana maneno hayo. Ukimwuliza, "Una nini?" atajibu, "Sina kitu," wala hakudanganyi, hajui jina la kile kimwumizacho. Lakini mpe mchanga na wanasesere, naye ataonyesha. Mtoto aliyefiwa na mama yake huenda akamzika mwanasesere, akamfukua, akamzika tena, siku baada ya siku. Huo si uchuro. Anajaribu kulielewa jambo lililompata ghafula, na safari hii yeye mwenyewe ndiye anayeliongoza.

2. Walioanza kazi hii

Katika miaka ya 1920 Melanie Klein, aliyefanya kazi Berlin na kuhamia London mwaka 1926, aliwapa watoto vitu vidogo vya kuchezea, akaangalia walivyovitumia kama mtu asikilizavyo maneno. Mwaka 1928 daktari Margaret Lowenfeld alifungua zahanati mjini London kwa ajili ya watoto wenye hofu na wenye kusumbua. Hapo palikuwa na sinia la mchanga pamoja na vitu vidogo vya kila namna: watu, wanyama, nyumba na miti. Watoto walivipanga juu ya mchanga, nao wakaiita kazi yao "dunia".

Huko Marekani Virginia Axline alitoa mwaka 1947 kitabu chenye kanuni nane za kazi hii. Kwa ufupi zasema hivi: fanya urafiki na mtoto, umpokee kama alivyo, mpe uhuru wa kuonyesha yaliyo moyoni, mtajie hisia unazoziona ili ajitambue, amini kwamba anaweza kupata njia, usimwongoze, bali umfuate, usimharakishe, na uweke mipaka ile ya lazima tu. Mwaka 1964 alitoa kitabu kingine juu ya mvulana mdogo aliyempa jina la Dibs. Shuleni mtoto huyu alijitenga na wenzake na kujificha chini ya meza, hata wakubwa wakadhani labda akili yake ni pungufu. Kila juma alipewa saa yake katika chumba cha mchezo. Pole pole hasira na hofu zake zikatoka, naye akafunguka. Na alipopimwa akaonekana kuwa na akili nyingi mno.

3. Wazazi nao waweza

Jambo linalotuhusu zaidi lilianzishwa na Bernard na Louise Guerney, huko huko Marekani, mapema katika miaka ya 1960. Waliona kwamba mtaalamu hukaa na mtoto saa moja kwa juma, bali mzazi huishi naye siku zote. Basi wakawafundisha wazazi wenyewe kucheza na watoto wao kwa kanuni hizo, kama nusu saa kila juma, huku wakisimamiwa. Faida ni mbili: mtoto husikilizwa na yule ambaye moyo wake unamtaka, na mzazi hujifunza kumwona mtoto wake upya.

Hata pale ambapo hakuna mtaalamu wa kutusimamia, tunaweza kuanza hivi:

(a) Chagua nusu saa ya siku moja katika juma, isibadilike wala isiondolewe kama adhabu. Iwe ya mtoto mmoja peke yake.

(b) Weka vitu vichache: mchanga au udongo, wanasesere, wanyama, vyombo vidogo, karatasi na rangi.

(c) Mwache yeye achague. Ukae chini karibu naye. Usifundishe, usisahihishe, wala usiulize "kwa nini".

(d) Sema unachokiona: "Huyu mdogo amebaki peke yake. Anaogopa." Ukikosea, atakurekebisha mwenyewe.

(e) Aliyoyaonyesha usiyapeleke kwa majirani, wala usimtanie nayo.

4. Je, mtoto afanye apendavyo?

La. Hisia zote zapokelewa, lakini si matendo yote. Akiinua kijiti akupige, sema kwa upole na kwa uthabiti: "Naona umekasirika sana. Lakini mimi sipigwi. Ukitaka kupiga, piga mto huu." Hapo umemwambia mambo matatu: kwamba umeuona moyo wake, kwamba upo mpaka, na kwamba ipo njia nyingine. Fimbo haimwonyeshi njia hiyo. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini akunjwaye kwa nguvu huvunjika.

5. Tahadhari

Mchezo hauponyi kila kitu. Mtoto asiyesikia vizuri, mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa mwili, kwanza apelekwe hospitali. Tena mtoto ambaye hali yake yazidi kuwa mbaya, asiyelala, asiyekula, au anayesema anataka kufa, apelekwe upesi bila kungoja juma lijalo. Na ikiwa mchezo au maneno yake yatuonyesha kwamba huenda yupo mtu anayemdhuru, tusimhoji kwa ukali, wala tusinyamaze kwa kuogopa aibu ya ukoo. Hapo siri haifai. Tumlinde, na tupeleke habari kwa afisa wa ustawi wa jamii au polisi.

Ndugu wapenzi, nusu saa si gharama kubwa. Lililo gumu ni kunyamaza, sisi tuliozoea kuamuru. Lakini mtoto asiyesikilizwa hazidi kunyamaza. Huzidi kuvunja vyombo, mpaka asikike.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Ni mtoto gani kwetu ambaye twamtaja kwa makosa yake tu? Nini kilimpata kabla hajabadilika?

2. Watoto wa mtaa wetu hucheza mchezo gani sasa, na mchezo huo watuambia nini?

3. Akina baba hupata nafasi gani ya kuketi chini na watoto wao?