Kaunti 47 Kutoka kwa Plaiwudi Moja

Mwalimu wa shule moja hapa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, aliingia karakanani kwangu na ramani ya Kenya aliyoichana kwenye kalenda. Alitaka niikate kwa mbao, kaunti zote 47, kila moja kipande chake, watoto wa gredi ya nne wawe wakiipanga wenyewe mezani. Akitoka akageuka mlangoni: "Na Mombasa isipotee, fundi."

Nilikubali papo hapo. Vitanda na viti ndivyo vinavyonilisha, lakini msumeno wa skroli ndio unaonisahaulisha chakula cha mchana. Na ramani ndiyo kazi ya asili ya mchezo huu wa kupanga vipande. Miaka ya 1760 mchongaji ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani kwenye ubao akaikata kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa mikono. Tangu nisome habari hiyo nilikuwa nikiingoja oda kama hii.

Wengi wameniuliza niliikataje, kwa hivyo nitaeleza hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni mbao. Ramani yenyewe ni plaiwudi ya milimita 6, laini pande zote mbili. Inama uchungulie ukingo wake kabla ya kulipa. Ukiona mashimo katikati ya tabaka, achana nayo. Fremu niliitengeneza kwa mbao za paleti, maana tumepakana na viwanda vya Industrial Area na paleti hapa hazikosekani. Tafuta muhuri. HT maana yake mbao ilipashwa moto kuua wadudu: hiyo chukua. MB ni mbao iliyofukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu, na haifai kufika mikononi mwa mtoto. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba MB ni herufi za jina la mwenye kiwanda. Nilimwachia paleti zake zote, na hadi leo akiniona barabarani ananisalimia, "MB, habari ya leo?"

Hatua ya pili ni bledi, na hapa nina kinyongo. Bledi za skroli zina urefu wa inchi 5. Kuna zenye pini kwenye ncha, na kuna zisizo na pini ambazo hubanwa kwa skrubu. Mashine nyingi za bei nafuu hushika za pini tu, na bledi ya pini haiwezi kuwa nyembamba sana. Ukinunua mashine, hakikisha inashika zote mbili. Taa, rangi na kipulizio ni mapambo. Yangu ni eksi-UK ya soko la Gikomba, ilikuja na kutu, na siibadilishi na mpya yoyote inayong'aa.

Basi nilienda duka moja la vifaa mjini nikaomba bledi namba 3. Pakiti ilisema namba 3. Kuifungua nyumbani, zilizomo ndani ni nene za kukatia mguu wa meza. Niliporudi, mwenye duka akanijibu kwamba namba ni namba tu, bledi ni bledi. Nilimweleza mbele ya wateja wake kwamba namba ikipanda bledi inanenepa, na bledi nene ikipita kati ya Vihiga na Nandi inakula mbao kiasi kwamba kaunti zote mbili zinalegea na kucheza. Pesa hakurudisha. Mwishowe nilitumia Pégas za Uswisi ambazo binamu yangu aliniletea alipokuja likizo kutoka Doha, na ninazisifu bila kulipwa na mtu: zinakata safi hadi msasa unakosa kazi.

Hatua ya tatu: bandika karatasi ya ramani, pitisha selotepu pana juu yake ili mbao isiungue bledi inapopata moto, kaza bledi hadi ukiigusa ilie sauti nyembamba. Hayo yanatosha kwa hatua hii. Lakini kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia, na ndilo lililookoa ramani hii.

Bledi ya skroli haikati moja kwa moja mbele yake. Nyingi huchongwa meno kwa namna inayoacha ukwaru mdogo ubavu mmoja wa chuma. Ubavu huo hukata kwa ukali kuliko mwenzake, na bledi huvutika kuelekea huko. Ukisukuma mbao moja kwa moja, mstari unakuhama, na kadiri unavyoilazimisha ndivyo bledi inavyojipinda na kukatika.

Elgeyo-Marakwet ndiyo iliyonifungua macho. Ni kaunti ndefu na nyembamba, imebanwa kati ya Uasin Gishu na Baringo, na nilikuwa nikishuka kwenye mpaka wake wa mashariki. Kila nikisukuma, bledi inataka kuhamia Baringo. Ilikuwa jioni, saa ambayo koili za kupikia zinawashwa nyumba baada ya nyumba, na stima ikapotea. Mashine ikanyamaza, bledi imebaki ndani ya mbao, mbao imeganda palepale. Nilipowasha tochi ya simu nikaona ajabu: bledi iko juu ya mstari barabara, lakini mbao imekaa mshazari mezani, haikunielekea sawasawa hata kidogo. Niliizunguka ile meza nikiichungulia kila upande. Mshazari ule ndio njia ya bledi!

Sasa nafanya hivi. Chukua kipande cha mbao kisicho na kazi, chora mstari mnyoofu sambamba na ukingo wake. Anza kukata, na uiachie mbao igeuke hadi bledi itulie juu ya mstari bila kulazimishwa. Ukifika katikati, zima mashine, usiisogeze mbao. Bandika mkanda wa karatasi mezani kando ya mbao, kisha uchore kwa penseli kufuata ukingo wake. Pembe ni ya digrii chache tu, lakini mstari huo wa penseli ndio barabara yako. Sukuma mbao kuufuata. Ukibadilisha aina ya bledi, pima upya.

Jirani yangu, fundi wa milango, mzee aliyeshika randa kabla sijazaliwa, alikataa katakata. "Kijana, msumeno unanyooshwa na mkono." Tukawekeana soda. Alikata futi moja kwa kusukuma anavyojua yeye, na alipofika mwisho alikuwa ameuacha mstari kwa upana wa kidole. Nikamwonyesha alama ya penseli. Alikata tena polepole, akatokea juu ya mstari, akaitazama ile mbao akaigeuza, akaitazama tena. Soda alinunua, na kesho yake alikuja na mbao zake kupima bledi zote alizonazo.

Mpangilio wa kukata nao una siri. Usianze na kaunti. Kata kwanza mikoa minane ya zamani, kisha ugawe kila mkoa. Magharibi inatoa nne, Kati tano, Bonde la Ufa kumi na nne, na Nairobi inabaki vile ilivyo. Vipande vinakaa vikubwa mkononi kwa muda mrefu zaidi, na vidole vinakaa mbali na bledi. Mwalimu alipenda hilo kuliko yote, kwa kuwa watoto wanaweza kuipanga mikoa kama wazazi wao walivyojifunza, halafu waipasue kuwa kaunti za Katiba ya 2010.

Vumbi? Vaa barakoa, na uelewane na majirani. Mama wa chapati aliye mkabala nami alinitangazia kwamba unga wake ni wa ngano peke yake. Siku hizi nakata akishafunga jiko, na kitambaa chenye maji huning'inia mlangoni.

Mombasa haikupotea. Kwenye ramani ya urefu wa futi mbili ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kwa hivyo niliipaka rangi nyekundu na kuichimbia kishimo chake kwenye ubao wa chini, na nikamwomba mwalimu asiiache mikononi mwa watoto wa chekechea.

Sasa anataka Afrika. Gambia siihofii, mto wake nitaufuata taratibu. Lesotho ndiyo naipigia hesabu, maana imezungukwa na Afrika Kusini pande zote na hakuna ukingo wa kuingilia. Lazima nitoboe tundu mpakani, nipenyeze bledi, kisha niibane kwenye mashine. Tundu la kupitisha pini lingemeza nusu ya nchi. Kwa bledi isiyo na pini inatosha drili ya milimita 1, na tayari nimemwagiza binamu bledi nyingine.