Je, Dereva wa Gari la Moshi Yampasa Kafara?

Imetufikia barua kutoka Rodi Kopany, njia panda ile iliyo baina ya Rongo na Homa Bay, ambapo hukatika barabara ya kwendea Ndhiwa. Huko hakupiti reli. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa upande wa Kisumu mwaka 1901, na mapande hayo ya kusini yakaachwa. Lakini aliyetuandikia, ndugu yetu Mwislamu, ana nduguye mkubwa aliye dereva wa gari la moshi, naye amerejea kwao kupumzika kwa sababu tutakayoitaja.

Miezi minne iliyopita mtu aliingia relini mbele ya gari lake kwa kusudi la kujitoa roho. Dereva alipiga honi, akafunga breki, na gari halikuwahi kusimama. Tangu siku hiyo usingizi umemkimbia. Lori likipiga honi hapo njia panda, hutetemeka na kutoka jasho. Kisha akatokea mtu mwenye kilemba akamwambia kwamba ana damu ya mtu shingoni, na hana budi kufunga miezi miwili mfululizo na kulipa dia. (Kilemba, ndugu zangu, huuzwa dukani, elimu haiuzwi pamoja nacho.) Ameshafunga siku thelathini na mbili, na mwili umemwisha. Nduguye atuuliza: je, akimaliza atasamehewa?

Jawabu yetu ni kwamba hana la kusamehewa katika jambo hili. Hana kafara, hana dia, hana dhambi.

Yataka kwanza tuijue kazi yenyewe, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua kwake. Gari la moshi halina usukani. Dereva hawezi kulipeleka kando hata shubiri moja. Mkononi mwake mna honi na breki tu. Gari la abiria la reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, huweza kwenda kilomita 120 kwa saa, yaani kiasi cha mita 33 kwa kila sekunde. Mtu akionekana mbele yake kwa mita mia mbili, pamebaki sekunde sita, na gari kama hilo lataka mamia ya mita, pengine kilomita nzima, mpaka lisimame. Gari la mizigo huenda polepole zaidi, lakini nyuma yake mna maelfu ya tani zinazosukuma. Basi huyu dereva alifanya yote aliyopewa uwezo nayo, na yaliyobaki hayakuwa mkononi mwa mwanadamu.

Ama kafara iliyotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, ni ya aliyeua kwa kukosea, na mfano wanaoutoa wanavyuoni ni wa mtu aliyelenga windo, mshale ukampata mtu. Huyo ana kitendo chake: alitupa mshale, ukaenda asikokusudia. Dereva wetu hakukielekeza kitu kwa mtu. Mtu ndiye aliyekielekea. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba aliyejiua, kafara yamlazimu yeye mwenyewe, nayo hutoka katika mali aliyoiacha, ingawa pana kauli nyengine isemayo kuwa hapana kafara. Tazameni: maulamaa walikhitalifiana juu ya kafara ya aliyejiua, wala hawakuitafutia mtu wa kando wa kumtwika. Na Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha nane huko Brunei mwezi wa Juni 1993, lilipozungumzia ajali za barabarani, lilimtoa dereva katika dhamana ikiwa jambo limemshinda kulizuia, au kitendo cha aliyedhurika mwenyewe ndicho kilicholeta madhara. Angelikuwa amelala, au amelewa, au ameupita mwendo aliowekewa, hapo pangekuwa na maneno mengine.

Kwa hivyo naale. Siku alizofunga hazitapotea kwa Mola wake, lakini asiziendeleze hali mwili wake wadhoofika.

Imepokewa na Abu Daud kwa Jabir habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akawa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika mno, akawahisabu hao kuwa ndio waliomuua, kwa kuwa hawakuuliza walipokuwa hawajui. Aliyempa dereva wetu fatwa ya miezi miwili naaisome hadithi hii, na mwisho wake aushike.

Limebaki lile tetemeko. Wako watakaosema ni udhaifu wa imani. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia mwanawe hata macho yakawa meupe, na nani atasema imani yake ilikuwa dhaifu? Wako pia, na huku kwetu pwani ndio wengi, watakaosema ameingiwa na shetani wa reli, naapelekwe kupungwa. Ngoma na ubani usiku kucha kwa mtu ambaye honi yamtetemesha! Haya ni maradhi yanayojulikana. Wengi hupoa wenyewe kwa majuma machache. Yakipita mwezi, mtu huhitaji daktari wa maradhi ya nafsi, na yana tiba, nyingi yake ikiwa ni mazungumzo na mjuzi. Huyu amefika miezi minne, na hospitali kubwa ya Homa Bay haiko mbali naye. Kumpeleka huko ni wajibu wa nduguye kuliko kutuandikia sisi.

Na jamaa wasimlazimishe kusimulia. Shirika la Afya Duniani limekataza kumkalisha mtu aliyetoka karibuni katika msiba wa namna hii na kumkamua habari zote kwa kikao kimoja, kwani imeonekana hakumfai. Akitaka kusema, asikizwe. Akinyamaza, aachwe, ila asiachwe peke yake. Huko Uingereza shirika la reli la Network Rail na jumuiya ya Samaritans zimeshirikiana tangu mwaka 2010 kuwazuia watu wasijiue relini na kuwasaidia wafanyakazi walioyaona hayo. Sisi wenye kuamrishwa kumzuru mgonjwa tumemzuru huyu kwa masuali: ulimwona uso? alikuwa mwanamume? ulisikia nini?

Mwenye kuona dunia imemdhiki hata akafikiri kujitoa roho, naamwambie mtu leo, awe mzee wake, imamu wake au daktari.

Na dereva huyu akirejea Mombasa, darsa yetu ni baada ya Magharibi kama kawaida. Naaje akae. Hapana atakayemuuliza neno.