Kumbukumbu na Ukombozi wa Mwanamke katika Riwaya ya Picha ya Ana Penyas

Makala haya yanachunguza namna kumbukumbu inavyomkomboa mwanamke katika *Estamos todas bien* (2017), riwaya ya picha ya Ana Penyas, mchoraji kutoka Valencia, Uhispania. Mwaka 2018 kazi hiyo ilimfanya mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Kitaifa ya Katuni, iliyoanzishwa 2007.

Wahusika wakuu ni Maruja na Herminia, nyanya zake wawili, walioishi chini ya udikteta wa Franco (1939–1975). Itakumbukwa kuwa hadi 1975 sheria ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kuajiriwa au kufungua akaunti ya benki. Historia rasmi iliwataja majemadari; waliopika, kufua na kulea hawakutajwa. Penyas anawaweka wazee hao katikati ya ukurasa, na kazi yao inakuwa historia.

Aidha, anwani yenyewe ina funzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Neno *todas* huonyesha kuwa wasemao wote ni wanawake. Kiswahili hakina upatanisho wa jinsia. 'Sote hatujambo' hupoteza uke huo, ila huhifadhi kinaya, kwani hata mwenye jambo hujibu 'sijambo'.

Ukombozi hapa, basi, si kushika bunduki wala cheo. Ni kuulizwa, kusikilizwa na kuchorwa. Fasihi yetu nayo ina deni: nyanya wangapi wamerekodiwa kwa ajili ya ngano zao, bila kuulizwa habari za maisha yao wenyewe?