Chaji ya kompyuta ifike nyumba ya mwisho

Safari hii tujifunze kutunza chaji ya kompyuta ndogo tunazobeba tunapopima watoto nyumba kwa nyumba. Hapa Nakivale, ukitoka Base Camp kwenda vijiji vya Rubondo au Juru, huna uhakika wa mahali pa kuchomeka waya mpaka urudi. Mashine ikizimika saa saba mchana, nyumba zilizobaki haziandikwi. Huenda ndimo alimo mtoto ambaye utepe wa mkono unaonyesha chini ya sentimita 11.5, yaani ana utapiamlo mkali na anatakiwa kufika kituoni bila kuchelewa.

Tuanze na hesabu. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, na mara nyingi namba imeandikwa kwenye betri yenyewe. Betri ya wati-saa 40, mashine ikila wati 10, itadumu saa 4. Ukishusha matumizi yakawa wati 8, unapata saa 5.

Mlaji mkubwa ni kioo. Punguza mwanga wake. Wengi wakiwa juani huupandisha hadi mwisho ili waone. Afadhali uombe kiti kivulini. Zima Wi-Fi na Bluetooth, kwa sababu mashine huendelea kutafuta mtandao hata pale usipokuwepo. Modemu na flashi zichomoe mpaka wakati wa kutuma. Muziki nao uzimwe (vijana tunajuana).

Kati ya nyumba na nyumba, hifadhi fomu kwanza, kisha ilaze mashine. Ikilala inakula chaji kidogo tu. Kama mwendo ni mrefu, tumia ile njia ya kuzima ambayo huandika kazi yote kwenye diski. Hapo haili kitu, na ukiwasha unaendelea ulipoishia. Angalia taa yake kabla ya kuitia mfukoni. Mashine inayofanya kazi ndani ya begi hupata moto na kumaliza chaji bure.

Sasa jambo gumu: simu za watu. Mama amekupokea vizuri, mwanawe anakuja na waya. Betri ya simu nyingi za siku hizi ina wati-saa zaidi ya 10. Ukiijaza kutoka kwenye kompyuta ya wati-saa 40, umetoa robo ya kazi yako, na zaidi. Mimi nakataa kwa upole na kueleza kuwa chaji hiyo ni ya watoto wa jirani.

Kuna wanaosema betri imalizike kabisa ndipo ichajiwe. Sheria hiyo ilikuwa ya betri za zamani za nikeli. Hizi za lithiamu huchoka upesi zikimalizwa kila siku. Joto pia huziharibu, basi usiziache chini ya mabati au ndani ya gari lililofungwa. Kituoni chajini mchana, sola inapopata jua. Usiku umeme uliohifadhiwa uachiwe taa ya chumba cha kujifungulia.

Weka onyo la betri kwenye asilimia 20. Ikifika 10, hifadhi, zima, toa daftari: jina, umri, kijiji, kipimo cha mkono. Wenye kipimo cha chini wape karatasi ya rufaa palepale. Kuingiza kwenye kompyuta kutafanyika jioni.