Mazungumzo na korti: tuhesabu siku



Katika vikundi vyetu vya amani huku Kasongo na Kabambare swali hurudi mara nyingi: mvua zimebadilika, msitu unakatwa, mto unachafuka, je, wanakijiji wanaweza kumshitaki mharibifu, hata akiwa serikali? Wanaweza. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi pamoja na wajibu wa kuyatetea. Tena, tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na korti yake ya Arusha iko wazi kwetu pia.

Ila tujifunze kwa wenzetu. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalizishitaki Uganda na Tanzania huko Arusha juu ya bomba la mafuta la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Tanga. Novemba 2023 majaji waliitupa kesi. Hawakusema kama bomba ni jema au baya, walisema mmechelewa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu, tangu tendo kufanyika au tangu mlalamikaji alipolijua, na mapatano ya bomba yalianza kutiwa sahihi 2017. Rufaa nayo ilishindwa Novemba 2025.

Miezi miwili! Huku kwetu wakati wa mvua, jambo lililotiwa sahihi Kinshasa huweza kuchukua muda huo kabla ya kusikika kijijini.

Watu wa Lamu, Kenya, waliwahi. Leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ilitolewa Septemba 2016. Novemba walikuwa wamekwisha kukata rufaa kwenye baraza la mazingira. Juni 2019 leseni ilifutwa, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Basi wekeni daftari: mkutano gani, tarehe gani, nani alikuja, alisema nini.

Sisi wa kazi ya amani tumezoea kusema, tukae kwanza tuzungumze. Ni vema, maana kijiji hugawanyika, wengine wakitaka kazi, wengine maji. Lakini mazungumzo hayasimamishi siku za korti. Mwoneni avoka wiki ileile mnapoanza kikao cha wazee.

Ya kuzungumza kikundini: Nani kijijini kwetu hupata habari za vibali kwanza? Daftari litunzwe kwa nani?