Maboya Yaliyokosa Kuhudumiwa: Bahari ya Hindi, Korona na Lugha ya Utabiri wa Mvua Hadado

Utangulizi

Hadado ni mji mdogo wa wafugaji katika Kaunti ya Wajir, magharibi mwa Wajir mjini. Toka huko hadi ufuo wa Bahari ya Hindi ni mamia ya kilomita, na hakuna mkazi wake anayetegemea uvuvi. Hata hivyo, mvua inayowafufulia wakazi hao malisho na kuwajazia mabwawa, sehemu yake kubwa huamuliwa baharini. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja: ugonjwa wa korona ulipofunga bandari na viwanja vya ndege mwaka 2020, ni macho gani ya kuitazama bahari yaliyofumbwa, na jambo hilo lilimhusu vipi mfugaji wa Hadado? Swali hili si la wanasayansi peke yao. Habari za bahari humfikia mfugaji zikiwa zimevikwa maneno, na maneno ndiyo taaluma yetu.

Mvua inavyotoka baharini

Wajir hupata mvua isiyozidi sana milimita 300 katika mwaka wa kawaida. Wasomali wa huko huugawa mwaka katika misimu minne: Jilaal, ambacho ni kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, Gu, mvua za kati ya Machi na Mei, Hagaa, kipindi cha upepo na ukavu, kisha Deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Deyr ndiyo yenye uhusiano wa karibu zaidi na bahari. Maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, yakipata joto kuliko yale ya karibu na Sumatra, mvuke huwa mwingi kwetu na mvua huzidi. Hali ikigeuka, mvua hutuhama na kwenda mashariki. Hali hiyo ya joto kupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili ilielezwa kwa ukamilifu na Saji na wenzake mwaka 1999. Mwaka 2019 ilijitokeza kwa nguvu kubwa upande wetu, mafuriko yakatokea Kaskazini Mashariki, na unyevu huo huo ukawanenepesha nzige. Mwaka 2022 mizani ililalia upande wa pili.

Yafaa kueleza jinsi joto hilo linavyopimwa. Setilaiti huona ngozi ya bahari tu, ilhali akiba ya joto imo chini. Ya chini hupimwa kwa vyombo vya aina mbili hasa. Vya kwanza ni vile vya mpango wa Argo, karibu 4,000 duniani kote, ambavyo huchukuliwa na mkondo kwenye kina cha mita 1,000, huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda juu kila baada ya siku kumi hivi na kutuma vipimo kwa setilaiti. Vya pili ni maboya yaliyotiwa nanga. Katika Bahari ya Hindi maboya hayo ni ya mtandao uitwao RAMA, ulioanzishwa mwaka 2004. Boya halijitengenezi. Betri huisha, viumbe wa baharini huganda juu ya vipimio, kamba huchakaa, na wavuvi wengine hulifunga mashua zao au kuling'oa vifaa. Kwa hiyo meli hulazimika kulifikia takribani mara moja kwa mwaka.

Machi 2020

Mwezi Machi mwaka 2020 karibu meli zote za utafiti wa bahari duniani ziliitwa zirudi bandarini kwao. Vyombo vya Argo havikujua kuna ugonjwa. Viliendelea kuzama na kuibuka, ila vilivyokufa havikupata warithi kwa wakati. Maboya ndiyo yaliyoumia zaidi, maana yalikuwa yakimsubiri mtu. Moja baada ya jingine yalinyamaza. Tukumbuke pia kwamba upande wa magharibi wa bahari hii, ulio jirani yetu kabisa, ulikuwa na upungufu wa maboya tangu zamani kwa sababu uharamia wa pwani ya Somalia ulizuia meli kwenda kuyatia. Pigo la korona, basi, liliangukia mahali palipokuwa na kovu.

Angani nako hapakusalimika. Ndege za abiria hupima joto na upepo zinaporuka, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba vipimo hivyo vilipungua kwa wastani wa asilimia 75 hadi 80. Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria za kimataifa mwishoni mwa Machi, ikazifungua tena Agosti mosi. Huko Aktiki, meli ya Kijerumani Polarstern ilikuwa imeganda katika barafu kwa makusudi ili kupima mwaka mzima. Ndege za kubadilisha watafiti zilipokosekana, ililazimika kuacha barafu yake mwezi Mei na kwenda karibu na Svalbard kupokea watu wapya, na wiki kadhaa za vipimo zikapotea katika msimu wa kuyeyuka. Antaktika, bara lililodhaniwa limesalimika, ilipata wagonjwa wake wa kwanza Desemba 2020 katika kituo cha Chile.

Je, utabiri uliharibika? Hapa tusitie chumvi. Setilaiti ziliziba pengo kubwa, na vituo vya utabiri viliona mapema upungufu wa mvua za Deyr za mwaka 2020, 2021 na 2022. Misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya. Na Desemba 2021 picha ya maiti za twiga sita katika hifadhi ya Sabuli, Wajir, ikazunguka dunia. Hasara ya maboya ni ya namna nyingine: joto la chini ya bahari ambalo halikupimwa mwaka 2020 haliwezi kupimwa leo. Wazee wa Kisomali huipa miaka ya ukame majina, kama Dabadheer, ‘yenye mkia mrefu’, ya miaka ya 1974 na 1975, na kwa jina hilo hulinganisha miaka mingine. Mtaalamu naye ana kumbukumbu yake. Korona imetoboa kumbukumbu hiyo katika miaka ile ile ambayo Hadado ingehitaji zaidi ieleweke.

Neno ‘wastani’

Ikiwa utabiri ulitolewa na ukawa sahihi, inafaa tutazame lugha yake. Utabiri wa msimu husema kwamba mvua itakuwa ‘chini ya wastani’. Katika istilahi, wastani ni hesabu ya miaka mingi. Katika mazungumzo ya kila siku, ‘mvua ya wastani’ ni mvua ya kadiri, isiyo haba wala ya kupita kiasi. Msikilizaji wa Hadado, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, huweza kudhani ameahidiwa mvua ya kadiri iliyopungua kidogo tu, kumbe wastani wenyewe wa kwao ni mdogo, na kushuka chini yake ni kuukosa msimu. Aidha, utabiri huo husema ‘vuli’, neno la pwani. Deyr na vuli huangukia miezi ile ile, lakini mfugaji huhamisha ngamia kwa kuitazama Deyr.

Pendekezo la mwandishi ni kwamba matangazo ya Kiswahili ya Kaskazini Mashariki yataje Gu na Deyr kwa majina hayo, na badala ya ‘chini ya wastani’ yaseme ‘mvua pungufu kuliko ya miaka mingi ya hapa’. Ni maneno marefu kidogo, lakini hayana maana mbili. ‘Boya’ tunalo tayari, tulilipata kwa Wareno. Kwa ile hali ya bahari iliyoelezwa na Saji, wengine husema ‘daipoli’; mwandishi anaona ‘mizani ya Bahari ya Hindi’ ingeeleweka upesi zaidi sokoni, na angependa kusikia hoja za wanaoipinga.