Kengele ya Hadhari na Mvua ya Kyela

Uwanda wa Kyela, ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi sana nchini Tanzania: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanafunzi aliyewahi kusoma chini ya paa la bati lisilo na dari anajua kwamba mvua kubwa ikinyesha, sauti ya mwalimu haisikiki. Je, katika wodi yenye paa la namna hiyo, kengele ya mashine inayomwangalia mgonjwa itasikika?

Tuchukue mfano wa kipimaoksijeni, kifaa kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa. Kanuni yake ilitangazwa mwaka 1974 na Mjapani Takuo Aoyagi. Kifaa hupenyeza kidoleni mwanga mwekundu pamoja na mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni nyingi hufyonza mwanga mwekundu kidogo kuliko damu iliyopungukiwa. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili, kifaa hukadiria kiasi cha oksijeni. Kiasi hicho kikishuka chini ya kikomo kilichowekwa, kengele hulia.

Lakini kulia ni jambo moja, na kusikika ni jambo jingine. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi maradufu, ukubwa wa sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Tuseme kengele ina desibeli 65 kwa umbali wa mita 1. Kwa mita 2 zitabaki 59. Kwa mita 4, 53. Kwa mita 8, 47. Mwangwi wa kuta hupunguza upotevu huo, lakini mlango uliofungwa huuongeza. Kelele za mvua kubwa juu ya bati zaweza kupita desibeli 70. Hapo kengele humezwa.

Kwa hiyo kengele haipimwi kwa kutazama taa yake tu. Kila zamu inapoanza, kikomo na kiwango cha sauti vikaguliwe. Kisha, kabla ya kumfungia mgonjwa kifaa, mtu mmoja akivae na kukichomoa kidoleni, na mwenzake asikilize kutoka meza ya wauguzi, mlango ukiwa umefungwa. Waya wa umeme nao uchomolewe, ili ijulikane kama betri inashika kazi. Isiposikika, sauti iongezwe, meza isogezwe, au muuguzi akae karibu na mgonjwa mvua inaponyesha. Dari chini ya bati nayo husaidia.

Kosa kubwa ni kupunguza sauti kwa sababu kengele inasumbua. Kengele ikilia ovyo, tafuta chanzo chake: pengine kidole ni cha baridi, au kibanio kimelegea.

ZOEZI: Weka saa ya kengele darasani. Pima umbali wa mwisho inaposikika siku ya ukavu, kisha siku ya mvua. Eleza sababu ya tofauti uliyoipata.